Mkandaa si kikandaa: Jani ndilo shahidi

Kwa abiria anayepita barabara ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, mikoko ni mikoko tu. Ni mstari wa kijani unaochungulia kati ya minazi, halafu gari linapita na habari inakwisha. Lakini jaribu kumwambia mkazi wa Gazi, Bodo au Vanga kwamba miti yote ile ni mikoko. Atakutazama kama mtu aliyemwita mbuzi ng'ombe. Kwake mkoko ni mti mmoja mahsusi, na kijana aliyetumwa mkoko akarudi na mchu atarudishwa akalete alichoagizwa.

Wenyeji hao wana haki. Humu nchini kuna aina 9 za miti inayoota katika matope ya maji ya chumvi, na kila moja ilikuwa na jina lake la Kiswahili kabla ya mtaalamu yeyote wa Ulaya kufika na daftari lake. Kuna mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Mabaharia na mafundi hawakuyatoa majina hayo kwa mapambo. Msikundazi ulitoa milingoti ya majahazi, mlilana ukatoa mataruma yake, na magome ya mkandaa yakatumika kutia ngozi na nguo rangi. Hata fimbo za kujengea nyumba zina majina yake kulingana na unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa.

Somo letu juma hili ni moja: utajuaje kwamba mti huu ni mkandaa na ule ni kikandaa, wakati hakuna ua, hakuna tunda, na mzee wa kumwuliza hayuko karibu? Jibu liko mkononi mwako. Chuma jani. Au tuseme, okota jani, maana kuna sheria nitakayoitaja baadaye.

Kwanza tusafishe jambo moja linalowachanganya wanafunzi wengi. Neno "mikoko", tunapolitumia kwa miti hii yote kwa pamoja, ni jina la mtaa wala si jina la ukoo. Wanaoishi mtaa mmoja si lazima wawe ndugu. Mkoko, muia na mkandaa ni ndugu wa damu, watoto wa ukoo mmoja ambao wataalamu huuita Rhizophoraceae. Mkomafi na mkomafi dume ni ndugu wawili wa ukoo mwingine, ule ule wa mwarobaini tunaoupanda uani. Kikandaa nacho ni jamaa wa mkungu, mti wa kivuli ambao watoto wa Mombasa na Diani hupasua kokwa zake kwa mawe. Wote hawa wamekutana kwenye tope kwa sababu kila mmoja, kwa njia yake, alijifunza kuishi na chumvi.

Hapo ndipo jani linapoanza kusema kweli. Miti isiyohusiana inaweza kufanana kwa sura kwa sababu inaishi maisha mamoja. Majani yote ni mazito, yanang'aa, yamepakwa nta. Ukitazama juu juu utadhani ni mamoja. Lakini ukilipasua jani na kutazama ndani, utaona kwamba kila ukoo umejenga nyumba yake kwa ramani yake.

KWA NINI SI UA?

Tangu karne ya 18, wataalamu wa mimea wamezoea kuyapanga mimea kwa kutazama maua. Hesabu ya petali, hesabu ya vijiti vya chavua, na kadhalika. Ni njia nzuri, na ndiyo iliyotumika zaidi kuandika kile kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, kikiwa na zaidi ya aina 12,000 za mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka 60 kamili! Mtu angeweza kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa na kustaafu kabla kitabu hakijaisha.

Ila ua lina tabia ya mgeni wa heshima: huja kwa msimu wake na huondoka. Jani ni mwenye nyumba. Mti uliokatwa jana una majani, mche wa miezi sita una majani, na tope chini ya mti limejaa majani yaliyoanguka. Ndiyo maana katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoko katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, utakuta matawi mengi yaliyobandikwa kwenye karatasi bila ua lolote, na mtaalamu ameinama juu yake na lenzi mkononi akichunguza vinyweleo na mishipa.

Kule Gazi kazi hii si ya makumbusho. Watafiti wanaotaka kujua msitu unatoa chakula kiasi gani kwa kaa na samaki huning'iniza nyavu chini ya matawi, wakakusanya kila kinachoanguka, kisha wakakaa mezani kuchambua majani aina kwa aina. Jani lililoanguka halina tawi wala jirani. Ni lenyewe tu, la manjano, mara nyingi limeliwa nusu. Anayelichambua hana budi kulijua kwa uso wake.

NDUGU WATATU

Tuanze na wale wa ukoo mmoja, kwa kuwa ndio wanaochanganya zaidi. Ukishika tawi la mkoko, la muia au la mkandaa, utaona majani yamekaa mawili mawili, moja likielekeana na jenzake. Nchani mwa tawi kuna chipukizi limefungwa ndani ya kifuko kilichochongoka kama kalamu. Kifuko hicho kikianguka huacha alama ya mviringo kuzunguka tawi, mfano wa pete kidoleni. Hiyo pete ni kitambulisho cha ukoo. Ikiwapo, umebakiwa na ndugu watatu tu wa kuchagua.

Mkoko ndio rahisi. Jani lake ni pana, mara nyingi sentimita 10 hadi 15, na nchani lina mwiba mdogo mgumu unaosimama kama sindano. Jina lake la kitaalamu, Rhizophora mucronata, limetokana na ncha hiyo: neno hilo la pili ni la Kilatini na lina maana ya kitu chenye ncha kali. Sasa geuza jani. Kwa chini utaona vidoa vidogo vyeusi vimetapakaa, kana kwamba mtu amelinyunyizia pilipili manga. Watu wengi hudhani ni ugonjwa au mavi ya wadudu. Sivyo. Ni mafungu ya seli zilizokufa na kugeuka kizibo, na kila jani la mkoko lililokomaa linavyo. Kwenye jani lililoanguka na kuwa manjano huonekana waziwazi zaidi.

Muia una jani linalokaribiana na la mkoko kwa ukubwa, na hapa ndipo wanafunzi wanapojikwaa. Limechongoka, ndiyo, lakini halina ule mwiba. Ligeuze: hakuna vidoa. Badala yake mara nyingi kikonyo na mshipa wa kati vina wekundu wekundu. Ukiwa na bahati ya kukuta ua, basi utaona kikombe chekundu chenye meno mengi, na mjadala umekwisha.

Mkandaa ni mdogo wa mwisho. Jani lake ni fupi, aghalabu sentimita 5 hadi 10, limepanuka kuelekea nchani na ncha yenyewe ni ya mviringo au imebonyea kidogo. Linang'aa na lina umanjano fulani. Halina mwiba wala vidoa.

Kwa hiyo, ukiwa na majani matatu bila matawi, kazi ni ya nusu dakika: lenye mwiba na pilipili ni mkoko; lililochongoka bila pilipili ni muia; fupi lenye ncha ya mviringo ni mkandaa. Mzee wa Gazi hahitaji hata hiyo nusu dakika, lakini sisi wa mjini tuna haraka ya kusahau, basi afadhali tuwe na kanuni.

BINAMU WA JINA TU

Sasa tuje kwa kikandaa. Jina lenyewe linatwambia kwamba wahenga waliuona ukifanana na mkandaa, ila mdogo. Na kweli, jani lake pia ni fupi, limepanuka nchani, na ncha imebonyea. Weka majani mawili hayo kwenye kiganja umwonyeshe mtu wa Nairobi, atakwambia ni mti mmoja.

Kwenye tawi tofauti si ngumu. Majani ya kikandaa hayakai mawili mawili. Yanapanda moja moja yakizunguka tawi kama ngazi ya mnara, na hakuna ile pete. Lakini tuseme una jani peke yake. Tazama kikonyo. Mkandaa una kikonyo cha kushikika, cha sentimita moja na nusu au zaidi. Jani la kikandaa karibu halina kikonyo. Limekaa moja kwa moja juu ya tawi. Libonyeze pia. La kikandaa ni nono, limejaa maji, kama jani la mgagani ulionona au zaidi.

Kama bado una shaka, basi ingia ndani. Kifaa kikubwa unachohitaji ni hadubini ya shule, hata ile kuukuu. Vingine ni vya nyumbani: rangi ya kucha isiyo na rangi, selotepu, wembe mpya na karoti.

Anza na rangi ya kucha. Pangusa jani likauke, kisha paka kidogo upande wa juu na kidogo upande wa chini. Subiri ikauke kabisa. Bandika selotepu juu yake, ivute polepole, na uibandike kwenye kioo cha hadubini. Rangi ile itakuwa imechukua sura ya ngozi ya jani kama udongo mbichi unavyochukua wayo. Utakachotafuta ni vitundu vya kupumulia, vile vyenye midomo miwili ambavyo jani huvifungua kuingiza hewa na kuvifunga kuzuia maji yasipotee.

Kwa mkandaa, na vilevile kwa mkoko na muia, utavikuta upande wa chini peke yake. Upande wa juu ni ukuta mtupu. Kwa kikandaa utavikuta juu na chini. Hiyo si tofauti ya bahati nasibu, ni tofauti ya ukoo. Jani la kikandaa limejengwa sawa pande zote mbili.

Ndipo utumie karoti. Pasua ufa katikati yake, tia kipande cha jani ndani ya ufa, kisha kata karoti na jani kwa pamoja kwa wembe, vipande vyembamba kadiri uwezavyo. (Wazazi, kazi ya wembe msiwaachie wadogo.) Kati ya vipande kumi, kimoja kitakuwa chembamba cha kutosha kupitisha mwanga. Kiweke katika tone la maji chini ya hadubini.

Jani la mkoko lina juu na chini, kama nyumba yenye paa na sakafu. Chini ya ngozi ya juu kuna tabaka kadhaa za seli kubwa zisizo na rangi, ambazo kazi yake ni kuweka maji. Hilo ni tangi la juu ya paa. Chini ya tangi ndipo seli za kijani zimesimama wima kama vitabu kwenye rafu, na chini zaidi kuna nafasi ya hewa. Huku na huku utakutana na seli ngumu zenye matawi ambazo husaidia kulishikilia jani lisikunjamane.

Jani la kikandaa halina paa wala sakafu. Seli za kijani ziko juu na ziko chini, na tangi la maji liko katikati, kama siagi baina ya slesi mbili za mkate. Ajabu ni kwamba mlilana, ambao si ndugu wa kikandaa wa karibu, nao umejenga namna hiyo hiyo. Kwa hiyo muundo wa ndani peke yake haumalizi kila kesi. Lakini jani la mlilana ni la mviringo, kubwa zaidi, na hukaa mawili mawili, kwa hiyo hakuna atakayeuchanganya na kikandaa mara akishaushika.

Huo ndio utamu wa kazi hii. Dalili moja ni fununu. Mbili zikikubaliana ni habari. Tatu, unaweza kuandika jina kwenye karatasi kwa wino.

MCHU UNAOTOA JASHO

Kuna mti mmoja usiohitaji hadubini hata kidogo. Lamba jani la mchu asubuhi ya jua kali, wakati mvua haijanyesha, na utaonja chumvi. Mkoko na nduguze huzuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isipande. Mchu huachia nyingi ipande, kisha huitoa nje kupitia tezi ndogo zilizo juu na chini ya jani. Maji yakikauka, chembe za chumvi hubaki ziking'aa.

Upande wa chini wa jani la mchu ni wa kijivu-jeupe, na mtu akiukwaruza kwa ukucha weupe hutoka. Si rangi ile, ni vinyweleo vifupi vilivyosongamana kama zulia, na chini ya zulia hilo ndipo vitundu vya kupumulia vimejificha visikaushwe na upepo. Jaribio la rangi ya kucha hapo litakupa picha ya zulia tu. Juu ya jani litafaulu vizuri, na utaziona tezi zimekaa kila moja katika kishimo chake.

Mchu wa Gazi una kisa kingine. Unaota mahali pawili palipo mbalimbali: upande wa baharini, ambako ni miti mirefu, na upande wa nchi kavu, kwenye uwanda wenye chumvi kali, ambako ni vichaka vifupi. Katikati kuna miti mingine. Ukimletea mgeni tawi kutoka kila upande, si ajabu akaapa kuwa ni aina mbili, kwa kuwa majani hayalingani kwa ukubwa. Watafiti walichapisha ulinganisho wa pande hizo mbili mwaka 2004. Ni mchu ule ule mmoja, Avicennia marina. Zulia liko pale pale, tezi ziko pale pale. Kilichobadilika ni kipimo cha rula.

Nasisitiza hili kwa wanafunzi kwa sababu naona katika madaftari ya biolojia mkazo mkubwa mno juu ya urefu na upana wa jani. Ukubwa wa jani ni kama ukubwa wa mtoto: unategemea alivyokula. Hata kwenye mti mmoja, jani la kivulini huwa pana na jembamba kwa unene kuliko la juani. Pima, andika, lakini usimhukumu mtu kwa kimo.

GHARAMA YA KUCHANGANYA

Huenda msomaji anajiuliza, haya yote ya nini? Mti ni mti, na carbon ni carbon.

Sivyo. Misitu ya Gazi ilikatwa vibaya katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki uwanda mtupu. Usafirishaji wa boriti kwenda nchi za nje ulipigwa marufuku mwaka 1982, lakini marufuku haioteshi mti. Upandaji wa majaribio ulianza Gazi mwaka 1991 chini ya watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, na baadaye, mwaka 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni wakaanza mradi wa Mikoko Pamoja. Ndio mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na mikoko. Hekta 117 zinalindwa, na fedha zimeingia katika maji ya mabomba na mahitaji ya shule. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa mradi wao.

Fedha hizo zinategemea hesabu. Mti hupimwa unene, kisha uzito wake hukadiriwa kwa kanuni ya aina yake. Mkoko ni mti mzito, mlilana ni mwepesi. Anayeandika jina lisilo sahihi kwenye fomu anaandika uzito usio sahihi, na anayenunua kaboni hulipia uzito.

Jambo la pili ni upandaji wenyewe. Mbegu ya mkoko ni rahisi kupanda kupita kiasi. Huanza kuota ikiwa bado juu ya mti, ikashuka kama fimbo ndefu ya kijani, na mtu yeyote anaweza kuichomeka topeni akapigwa picha. Mlilana una mbegu ndogo ndogo ndani ya tunda, zinazotaka kitalu na subira. Matokeo yake ni kwamba duniani kote mkoko na nduguze huchomekwa hata mahali ambapo asili iliweka mlilana, mbele kabisa baharini, au mchu, nyuma kwenye chumvi kali. Miche hufunikwa na maji muda mrefu kuliko inavyovumilia, au hukauka.

Sri Lanka ilijifunza kwa uchungu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kila mtu alitaka kupanda mikoko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitembelea maeneo 23 ya upandaji. Katika maeneo 9 hapakubaki mche hata mmoja hai. Kupanda aina isiyofaa mahali pasipofaa kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Ndiyo maana, kabla kikundi cha shule au cha kanisa hakijashuka kwenye matatu na fulana mpya kuja kupanda, ningependa kwanza kitembee daraja la mbao la akina mama wa Gazi, linalopita katikati ya msitu, kikaangalie ni mti gani unaota wapi. Akina mama wenyewe wataeleza. Na chakula chao cha samaki ni kizuri, hilo nalisema pembeni.

MKOMAFI NA DUME LAKE

Nimewaacha ndugu hawa wawili nyuma kwa sababu ni wachache, lakini si haki kuwaruka. Tofauti na wengine wote, majani yao ni ya kuungana: kikonyo kimoja kinabeba vijani kadhaa viwili viwili. Vya mkomafi vina ncha ya mviringo. Vya mkomafi dume vimechongoka. Gome la mkomafi ni laini na hubanduka kwa mabaka kama la mpera, ilhali la mkomafi dume ni kavu lenye nyufa. Tunda la mkomafi hufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. La mwenzake ni dogo zaidi.

Msikundazi ndio wa mwisho, na hauna mpinzani. Geuza jani lake kubwa, na chini utaona rangi ya fedha. Ni magamba madogo yaliyopangana, si vinyweleo kama vya mchu, na lenzi ya kawaida inatosha kuonyesha.

Kwa familia zitakazokwenda Diani likizoni na zisifike Gazi, kazi iko pale pale ufukweni. Yale majani yanayotupwa mchangani na mawimbi, ambayo wenye hoteli huyafagia, mengi si mwani. Ni nyasi za baharini, mimea kamili yenye mizizi na maua, na Kenya ina aina 12. Tafuta majani mawili yanayofanana na utepe. Tazama ncha kwa lenzi. Ikiwa na meno meno kama msumeno, ni Cymodocea serrulata. Ikiwa ni laini ya mviringo, ni nduguye Cymodocea rotundata. Kisha ukate jani kwa wembe na karoti kama kawaida. Kijani utakikuta katika ngozi yenyewe ya jani, mahali ambapo mimea ya nchi kavu kwa kawaida haikiweki. Na vitundu vya kupumulia, juu na chini, tafuta mpaka uchoke. Hakuna hata kimoja, maana jani linaloishi ndani ya maji halina kiu ya kuilinda.

Sasa ile sheria. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, KFS. Kukata tawi bila kibali ni kosa. Majani yaliyoanguka yanatosha kwa kila jaribio nililolieleza hapa, isipokuwa lile la mpangilio kwenye tawi, na hilo hutazamwa kwa macho bila kuvunja kitu. Nendeni maji yakiwa yametoka, vaeni viatu vya kufunga, na kila jani litiwe ndani ya bahasha yake na jina la mahali lilipookotwa, kabla hayajachanganyika mfukoni.